Kadi ya Zuhura

Mwanangu Khalfan,

Assalaam alaykum warahmatullah. U hali gani, mwanangu? Umefika salama? Na baridi ya huko, imekupokea vizuri au imekuingia kifuani? Nakuuliza kama mtu aliye mbali nawe, na hali umetoka mlangoni sasa hivi kwenda Tudor kumuaga shangazi yako, na harufu ya mafuta yako ya nywele bado imo ukumbini. Lakini barua hii utaisoma huko bara, kwa hivyo yanipasa nikusalimu kama aliyekwisha kufika. Sisi huku hatujambo, mimi na babako, alhamdulillahi. Naandika hivyo bila ya kujua, maana siku utakayoisoma haijafika bado. Namuomba Mola iwe kweli.

Ni baada ya sala ya alasiri. Nimekaa penye dirisha la juu, kofia ninayoishona imelala mapajani na sindano imesimama ndani yake. Upepo unaingia na kutoka. Chini, kwenye uchochoro unaotokea Ndia Kuu, watoto wa madrasa wamepita wakikimbizana, na sasa kumetulia kiasi kwamba nasikia kalamu hii ikikwaruza.

Sitakuandikia habari za kufua, wala za kula, wala za watu wa kukaa nao. Hayo umeshayasikia hata yamekuchosha, na babako ana yake atakayokwambia pale kituoni. Mimi nina jambo moja, na ndani ya bahasha hii utaona kadi ya kliniki, ya rangi ya samawati iliyopauka, imekunjwa mara mbili. Ni kadi ya dadako Zuhura. Usiifungue kwanza. Nisome mimi, kisha uisome yenyewe.

Leo tulipokuwa tukila, ulitueleza kwa furaha kwamba chuoni kwenu wiki za mwanzo wanafunzi hupimana damu wenyewe kwa wenyewe, wajifunze kutumia hadubini na vile vioo vyake. Babako akanitazama. Nami nikainuka nikasema nakwenda kuongeza mchuzi, na mchuzi ulikuwa tele mezani. Nilisimama jikoni nimeshika upawa. Nikajiambia, mwanangu atakwenda kulijua hili kwa mtu baki, mbele ya wenzake, ameshika kidole chenye tone la damu, na mimi mamake nililijua tangu kabla hajazaliwa. Ndipo nikaona leo sina ujanja tena.

Wakumbuka ulipokuwa kidato cha tatu, ulivyokuwa ukinisomea? Ulisema ukiweza kunieleza mimi kwa Kiswahili, mimi niliyeishia darasa la saba, basi na mtihani utauweza. Ukawa kila ukirudi unakaa hapa kizingitini na kitabu chako cha Kiingereza, unageuza neno moja moja, na mimi nashona. Ukaniambia mwili wote umejengwa kwa seli, vijumba vidogo visivyoonekana kwa jicho, na kila kijumba kina utando wake, na ndani kuna kiini kinachohifadhi maagizo yote ya mtu, urefu wake, rangi yake, hata nywele zake. Nikatazama kofia niliyokuwa nayo mkononi, vitobo vyake mamia kwa mamia, kila kimoja nimekizungushia uzi kwa sindano yangu, nikasema moyoni, basi kuna Mshonaji aliyenishona mimi hivi, kitobo kwa kitobo, na wala sikusikia sindano.

Ulinieleza kwamba ule utando una hiari yake, hiki hukipitisha, kile hukizuia. Nikakwambia huo ni kama marehemu nyanyako akikaa mlangoni. Ukacheka hata kitabu kikaanguka. Nikakuuliza, "Na vijumba vyote hivyo nani anavifagia?" Ukasema, "Vinajifagia vyenyewe, Mama. Si kama chumba changu." Wewe ulidhani nakusaidia kusoma. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa napita shuleni upya, naingia darasani kwa mlango wa nyuma.

Kuna siku ulinisomea habari za chembe nyekundu za damu. Ukasema hizo, tofauti na nyingine, hazina kiini. Zinapokomaa hukitoa, zipate nafasi ya kubeba hewa njema kutoka kwenye mapafu kuipeleka mwili mzima. Na huishi kama miezi minne tu, kisha hufa, na nyingine huzaliwa ndani ya mifupa. Ukaendelea na mambo ya ini na bandama, mimi sikusikia tena. Nilikuwa nikiwaza, miezi minne. Basi damu iliyokuwa ikipita mwilini mwangu ile Ramadhani imeshakwisha yote, imekwisha mara nyingi, hakuna hata tone lake. Mkono huu una damu nyingine kabisa. Kwa nini basi mwenye kosa bado ni mimi?

Sasa nakwambia kosa lenyewe.

Zuhura alipokuwa hajatimiza miaka miwili, vidole vyake vya mikono na miguu vilivimba, akalia siku mbili hashikiki. Nikampeleka kliniki ya watoto peke yangu, babako alikuwa kazini. Walimtoa damu, wakaniambia nirudi. Niliporudi nilimkuta muuguzi mmoja mama wa Kigiriama, mtu mzima, mwenye sauti ya chini. Alinikalisha, akachukua kalamu akachora nyuma ya kadi. Akachora duara, akasema, "Hii ndiyo chembe ya damu inavyotakiwa iwe. Laini, inapita popote." Kisha akachora ubavuni kitu kama mwezi mwandamo, mwembamba, umepinda. "Na hizi ni za mwanao. Si zote, lakini nyingi. Akikosa maji au akipata homa, zinapinda hivi." Akaniambia mishipa mingine ya mwili ni myembamba mno, na chembe zilizopinda zikifika humo hukwama. Hapo hewa haipiti, na hayo ndiyo maumivu.

Mimi nilimuelewa upesi kuliko alivyodhani, kwa sababu nimezaliwa Mji wa Kale. Nilikiona kichochoro chetu pale penye kona, mkokoteni wa madumu ya maji umeingia vibaya umekwama ukutani, na nyuma yake watu wamesimama msururu, wa mbele hawezi kwenda na wa nyuma hawezi kurudi, na nyumba ya mwisho inasubiri maji. Ndivyo nilivyomuona mwanangu ndani. Hata leo nikipita ile kona huenda ubavu, nikihisi kwamba natembea ndani ya mwili wa Zuhura.

Ugonjwa wenyewe ndio huu ambao siku hizi wauita selimundu. Yule mama aliniandikia vidonge vya kila siku, na akaniambia mambo mawili. La kwanza, maji. Alilisema hata nikaona aibu, maji asubuhi, maji mchana, maji kabla hajasema ana kiu. La pili, nimlete mume wangu, tupimwe sote wawili. Hili la kwanza nililifanya. La pili sikulifanya.

Utaniuliza kwa nini. Mwanangu, sina jawabu zuri, nina la kweli tu. Mimi na babako ni watoto wa ndugu wawili, wajua. Niliolewa katika nyumba ambayo nilikuwa nikiingia tangu mtoto, nikimwita mavyaa wangu, huyo nyanyako, Mama kabla hajawa mavyaa. Katika nyumba hiyohiyo nilimsikia yeye na wenziwe, zamani, wakimzungumza mke wa jamaa yetu mmoja aliyefiwa na watoto. Walisema ana damu mbovu. Walisema kwa sauti ya huruma, wakimwaga chai, na mwaka haukwisha yule mama akarudishwa kwao. Nilikuwa msichana, nimeshika sinia. Basi nilipotoka kliniki na kadi ile, sikufikiri ugonjwa. Nilifikiri sinia.

Nikaikunja mara mbili, nikaitia chini ya kasha langu la nguo, chini ya karatasi iliyotandikwa. Nyumbani nikasema mtoto ana baridi ya viungo. Vidonge nikasema ni vya kuongeza damu, na hilo lilikuwa karibu na ukweli, na uwongo ulio karibu na ukweli ndio unaokaa sana. Maji nikawa namfuata nayo, kikombe mkononi, kutoka chumba hadi chumba, hata watoto wa mtaani wakamwita mwana wa samaki. Naye akawajibu, samaki hajui kusoma na mimi najua. Ulimi wake ulikuwa hivyo. Wewe umeurithi kidogo.

Siku nyingi zilikuwa njema. Hilo nataka ulijue, kwa sababu nikikuhadithia maumivu peke yake nitakuwa nimemdhulumu tena. Alikubeba mgongoni na wewe mzito karibu kama yeye. Alipenda kukaa hapa hapa miguuni pangu akinipangia nyuzi. Zilipomjia siku mbaya nilimfunika, nikamkanda kwa maji ya moto, nikamsomea, na yeye huuma ncha ya leso yangu asipige kelele nyanyako akaamka.

Akafika miaka tisa. Mwezi wa Shaabani ulipokuwa unakwisha, nyanyako alisema mwaka huu Zuhura afunge. Wenziwe wa madrasa walishaanza, mmoja ameshonewa nguo mpya kwa saumu yake ya kwanza, na kwao waliitwa jirani wote kufuturu naye. Nikasema bado mdogo. Nyanyako akaniangalia juu hadi chini. "Mdogo huyu? Umri huu mimi nalifunga na kinuni nikaenda kutwanga." Nikasema ni dhaifu. Akasema, "Si yeye dhaifu, ni wewe uliyemlegeza kwa vikombe vyako vya maji."

Khalfan, lilikuwa neno moja tu. Ningesema mtoto huyu ni mgonjwa na kadi yake hii, jambo lingekwisha pale pale. Nyanyako alikuwa mtu wa dini, alijua kwamba Mwenyezi Mungu mwenyewe amemwondolea mgonjwa kufunga. Angekuwa wa kwanza kumpa kikombe. Lakini kusema mgonjwa ni kusema mgonjwa wa nini. Nikanyamaza. Na Zuhura alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza, macho yanang'aa, kwa sababu yeye mwenyewe alitaka. Hakujua kwamba ni mgonjwa. Nilikuwa nimeificha kadi kwa watu wote, hata kwa mwenye damu yake.

Mwezi ulipoonekana watu walipanda darini, wakaitana, kama kila mwaka. Mimi sikupanda. Niliogopa kuutazama mwembamba vile, umepinda vile.

Siku ya kwanza nilipanga hila. Baada ya adhuhuri nyanyako alipojinyoosha, nilimwita Zuhura jikoni, nikafunga mlango, nikampa maji. Nilijiambia atakunywa, na usiku nitamsifu mbele ya watu, na nitatubu mimi. Alikitazama kikombe. Midomo ilikuwa mikavu. Kisha akanitazama mimi, si kwa hasira, bali kama mtu anayemuona mwingine amevaa nguo isiyo yake.

Akasema, "Mama, wanifundisha kuiba saumu?"

Nikamwambia wewe ni mdogo, Mungu atakusamehe. Akasema, "Mimi nimetia nia." Akafungua mlango akatoka.

Lile swali nimelisikia kila Ramadhani tangu hapo. Alikuwa na haki ya kuliuliza. Mtoto niliyemfundisha mimi mwenyewe kusali, nilimpa maji kwa mlango uliofungwa, angejuaje kwamba ni halali? Halali ilikuwa chini ya kasha. Kama angejua kwamba yeye ni mgonjwa, angekunywa kile kikombe mbele ya nyanyake na kusema alhamdulillahi. Mimi nilimfanya achague kati ya maji na Mungu, na hapakuwa na haja ya kuchagua.

Alifunga siku tatu. Siku ya kwanza alifuturu kwa kaimati, nyanyako amezipika mwenyewe, na babako akamweka mgongoni akamzungusha ukumbini. Siku ya nne asubuhi alisema mgongo. Kisha miguu. Kufika adhuhuri alisema kifua, na hakuuma leso, alilia. Tulimpeleka hospitali, na huko nikawaambia madaktari kila kitu, upesi upesi, kwa sauti ya chini, nikigeuka nyuma kutazama kama babako yuko karibu. Hata saa ile. Walimtia maji ya mshipani, wakamtia na damu. Walifanya kila waliloweza, na nawaombea mpaka leo. Daktari hakuniambia kwamba saumu ndiyo iliyomuua. Alisema mapafu yalishaingiwa na homa, na mwili ulikauka maji, na mambo mengi yalikutana pamoja. Sijui lipi lilikuwa la kwanza. Nitalijua siku ya kujua yote. Alifariki kabla ya magharibi ya siku ya tano, na wewe ulikuwa na miaka minne, umelala kwa jirani.

Ulipofika miaka kumi uliniuliza dadako alikufa na nini. Nikakwambia homa. Naomba unisamehe hilo peke yake, mbali na mengine.

Na kuna mtu mwingine niliyemdhulumu, na huyo hayupo wa kumuomba. Nyanyako baada ya pale hakumwambia tena mtoto yeyote afunge. Uliona wewe mwenyewe, ulipotaka kufunga mara ya kwanza aliondoka chumbani. Alikaa na jambo hilo miaka minane. Siku zake za mwisho, nikimgeuza kitandani, alinishika kiwiko akaniuliza, "Ni mimi nlomuua mwana yule?" Nami nikamwambia, "Ni kadari ya Mungu, Mama." Neno la kweli, mwanangu. Hakuna lililo kweli kuliko hilo. Lakini mimi nililitumia kama karatasi ya kutandikia kasha, nikafunika nalo kadi. Angeweza kufa mwepesi. Nilimwacha aende na mzigo wangu kichwani, na mkononi nilikuwa nimeshika kitambaa nikimpangusa jasho, kila aliyeingia akinisifu kwa kumtazama vizuri.

Mimi si mtu wa kukuhubiria, wanijua. Nakwambia tu nilivyoona. Nilidhani siri ni kitu unachokiweka mahali pamoja kikakaa. Kumbe inatembea. Ilianza na aibu yangu mimi, ikaingia kwa Zuhura ikawa dhambi ambayo hakuwa nayo, ikaingia kwa nyanyako ikawa mauaji ambayo hakuyafanya. Na leo imefika kwako.

Wewe ndiye uliyenifungua, bila ya kujua. Ulikuwa hapo kizingitini, unanieleza urithi. Ukasema kila mtu ana nakala mbili za kila agizo, moja kwa mama na moja kwa baba. Ukasema kuna maagizo yasiyodhihiri mpaka mtu apate nakala mbovu mbili, na mwenye moja tu huishi mzima, pengine asijue maisha yake yote. Nilijichoma kidole. Ulidhani ni sindano tu. Miaka yote ile nilikuwa nikidhani ile damu ni yangu, kwamba mimi ndiye niliyeileta katika nyumba ya watu kama mtu aliyeingia na matope. Siku hiyo nikajua kwamba haiwezekani iwe imetoka kwangu peke yangu.

Jioni ile ile nilimwambia babako. Nilimpa kadi. Aliisoma, akaigeuza, akatazama ile duara na ule mwezi hata chai ikapoa. Nilikuwa tayari kwa lolote. Aliponitazama alikuwa analia.

Akasema, "Na nusu yangu mimi je? Nusu yangu ulinibebea ya nini peke yako?"

Nilikuwa nimeogopa maneno mengi miaka mingi, na hilo halikuwamo. Labda angelisema siku ya kwanza. Labda asingelisema, alikuwa kijana, na mamake yuko hai. Hilo nalo sitalijua. Alisema tukwambie wewe. Nikasema akimaliza mtihani. Kisha nikasema akipata chuo. Nikawa nampa sababu kama anavyopewa mtoto peremende, mpaka leo mchana.

Sasa sikiliza, nakuja kwenye lenyewe. Wewe ni mzima, na hilo lamaanisha huna nakala mbili. Lakini huenda unayo moja, yangu au ya babako. Sijui. Hujapimwa kwa hilo, kwa sababu mimi nilihakikisha hupimwi. Na Maimuna ni mtoto wa khalati yako Asya, dadangu wa tumbo moja. Damu iliyo kwangu huenda iko kwake Asya, na ikiwa kwake huenda iko kwa Maimuna, naye ni mzima kama wewe, anacheka kama wewe. Khalati yako ameshaanza kuzungumza mambo ya nikaha utakapomaliza masomo. Nami huitikia na kutabasamu. Na nimekuona wewe jina lake likitajwa, unavyoinama kutafuta kitu chini ambacho hakikuanguka. Nampenda Maimuna. Nikimuona anapanda ngazi zetu moyo wangu hufurahi kabla miguu yake haijafika. Na kila akipanda nawaona na watoto wenu nyuma yake, na mmoja anashika mgongo.

Simwambii mtu aache anachokipenda. Ikiwa mmoja wenu tu ndiye anayo, umenieleza mwenyewe kwamba mtoto hataugua. Ikiwa nyote wawili mnayo, basi mtakuwa na la kuamua, na mtaliamua macho yakiwa wazi, jambo ambalo mimi na babako hatukulipata, na Zuhura hakulipata. Mkisema hapana, nitalia na ninyi. Mkisema ndiyo, nitaomba, na nitakuwa wa kwanza kubeba kikombe cha maji, mlango wazi. Lakini upimwe. Usingoje siku ya darasa, ukajulia mbele ya wenzako. Nenda mwenyewe, useme unataka kujua kama unabeba selimundu, na kadi hii uwaonyeshe.

Na mimi kesho ukishapanda basi sitarudi nyumbani. Nitakwenda moja kwa moja Ganjoni kwa khalati yako, nimwambie yeye na Maimuna yote niliyokuandikia, pamoja na kile kikombe cha jikoni. Babako amesema atakuja. Nimemwambia aje, safari hii aje. Pengine Asya atanikasirikia kwa kumficha miaka yote hii, na ana haki. Pengine atasema nimekuja kuvunja posa. Nitakaa hapo hapo kitini mpaka amalize.

Kuna jambo moja jingine uliloniambia, na hili nalo nataka nikurudishie, kwa sababu limenituliza mara nyingi. Ulisoma kwenye simu kwamba mtoto akiwa tumboni, baadhi ya chembe zake huvuka zikaingia kwa mama, na zinaweza kukaa humo miaka na miaka baada ya kuzaliwa. Ulilisema hivi hivi, ukarudi kwenye kitabu chako. Mimi nimelala nalo. Wakati mwingine nikisujudu, damu ikishuka kichwani, huhisi kwamba kuna mtu wa miaka tisa ananipangia nyuzi humo ndani, na pembeni yake yuko mwingine, mkorofi, anamsomea. Sijui kama ni ilimu au ni ndoto za mama. Utakapokuwa na hadubini yako uniambie kama zinaonekana. Na kama hazionekani usinitoe huko nilikokaa.

Jua limegeuka, limefika kwenye kamba ya nguo za jirani, karibu utarudi. Nitaifunga bahasha niitie katikati ya vitabu vyako, ili uikute ukishafika na si njiani. Mola akuhifadhi katika kusafiri kwako na katika kukaa kwako, akufungulie macho na mikono, na akupe watu wema wa kukuona ukiugua.

Nijibu upesi, mwanangu. Majibu yakitoka niandikie yalivyotoka, neno kwa neno, mazuri au mabaya. Na kama una hasira nami niandikie na hiyo pia. Usinifiche kitu kwa kunihurumia.

Ni mimi mamako akupendaye,
Saada